Kipando na Masurufu: Safari Yetu ya Nyanda za Ufipa



Watu wengi wa pwani wakitajiwa Sumbawanga hucheka kwanza, kisha huuliza habari za uchawi. Jina lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri, yaani tupa uchawi wako, kana kwamba kila aingiaye mjini hutakiwa auache mzigo huo nje. Sisi hatukufuata hayo. Tulikwenda kuitazama nchi ya Ufipa, tukiwa watu 4, mmoja wetu kijana aliyemaliza masomo karibuni. Na siku zote za safari mazungumzo yetu yalikuwa yakirudi kwenye hesabu moja. Mtu akijiwekea fedha kwa ajili ya matembezi, atie kiasi gani katika vyombo vya safari, na aache kiasi gani kwa safari yenyewe?

Laonekana ni swali la wenye kujiweza. Lakini tumewaona vijana wetu wakimaliza akiba ya mwaka mzima katika viatu, mikoba na baiskeli za kung'aa, kisha wasiende popote. Na tumewaona wengine walioondoka mikono mitupu wakapata madhara njiani. Nyumba yenye kijana hailikosi jambo hili.

Kutoka Mbeya tulishika njia ya Tunduma, mpakani mwa Zambia, na hapo tukageukia kaskazini-magharibi. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 220, na barabara ni ya lami, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani na kumalizika katika miaka ya 2010. Waliotusimulia habari za njia ya zamani walisema kwamba wakati wa masika msafiri alikuwa hawezi kumwahidi mtu siku ya kufika. Zamani, basi, ghali ya safari ya Ufipa ilikuwa ni njia. Siku hizi ghali yake ni vile tunavyojitwisha wenyewe.

Baada ya Laela nchi hufunguka. Ni vilima juu ya vilima vya nyasi, miti michache, na upepo usiokatika. Mashambani huonekana matuta makubwa ya mviringo, ambayo ni ustadi wa kale wa Wafipa: nyasi hufunikwa kwa udongo, zikaoza humo ndani, zikawa mbolea ya mazao ya msimu ujao. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Malonje, katika milima ya Mbizi iliyo jirani, chapita mita 2,400. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake si mchezo kwa mtu wa Tanga au Lindi. Hapa yapasa tuseme haki: sweta nzito katika Ufipa si anasa, bali ni katika lazima za safari. Tulipoamka kuswali alfajiri ya kwanza, maji ya kutawadhia yalikuwa kana kwamba yameyeyuka muda ule ule kutoka barafu, na aliyekuwa na sweta alimwonea huruma asiyekuwa nayo, wala hakumwazima.

Kijana wetu hakukosa sweta. Hakukosa kitu chochote. Alikuwa na viatu vya mlimani, koti la mvua katika nchi isiyo na mvua mwezi ule, hema, taa ya kufunga kichwani, chupa ya chuma ya maji, na mkoba wa mgongoni wenye mifuko mingi hata mwenyewe akawa hajui alichokitia wapi. Vyote vilikuwa vizuri, hatukatai. Ila tulipofika Sumbawanga na kuanza kupanga siku za kwenda Kasanga na siku za kushuka bonde la Rukwa, ilidhihiri kwamba hana nauli isipokuwa ya kurudi kwao. Tulipomwuliza fedha nyingine iko wapi, alitazama mkoba wake bila kusema neno. Fedha ilikuwapo pale pale, imegeuka mkoba.

Siku ya pili tulikwenda kwa mafundi wa baiskeli karibu na soko. Huko tulimkuta mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki, akiitengeneza baiskeli ambayo umri wake haukupungua sana kuliko wa kijana wetu. Tulimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwatoka mbali?"

Tulimweleza, naye akatueleza kazi yake. Hushuka bondeni akanunua samaki wakavu, hurudi akawauza juu, na katika hiyo amesomesha watoto. Kijana wetu, aliyekuwa akiitazama ile baiskeli kwa mshangao, alimwuliza, "Mzee, mbona hununui mpya?"

"Mjukuu wangu," alijibu, "bei ya mpya ni safari zangu nyingi. Nikiinunua leo nitakuwa na baiskeli bila samaki. Hii nikiitia mpira wa ndani na mnyororo, yanipeleka na kunirudisha."

Lakini alipofikia breki hakufanya ubahili. Fundi alimtolea mipira ya breki ya namna mbili, ya rahisi na ya ghali, naye akachukua ya ghali bila kubembeleza bei, akataka na waya zibadilishwe zote mbili, hata ule ambao fundi alisema bado ungefaa. Kisha akalizungusha gurudumu, akalishika, akalizungusha tena. Tandiko lilikuwa limechanika na kufungwa kwa kitambaa, hilo hakuligusa.

Sababu ya breki zile tuliiona kesho yake. Tulifuata barabara ya Ntendo kuelekea Muze. Nyanda zile pana, ambazo mtu hudhani hazina mwisho, hukatika ghafula, na mbele huwa ni hewa tupu. Chini, umbali wa kiasi cha mita 1,000, ndipo lilipo bonde la Rukwa na ziwa lake, ambalo mito huliingia wala hapana mto ulitokao. Njia hushuka kwa kuzunguka-zunguka ukingoni. Joto hupanda kila unaposhuka, sweta huvuliwa, na masikio huziba. Tuliwaona waendesha baiskeli wakishuka kwa uangalifu mkubwa, na wengine wakipanda kwa miguu, mikono juu ya usukani, migongo imeinama, mzigo nyuma kwenye karia umefungwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Kushuka ni kazi ya breki, na kupanda ni kazi ya mtu. Gia, rangi na jina la kiwanda hazina nafasi hapo.

Tulimkumbuka yule mzee, na hapo ndipo hesabu yake ilipotufunukia. Huanza kuitenga fedha ya safari, yaani mtaji wa samaki, chakula chake cha njiani na cha nyumbani mpaka atakaporudi. Kisha hutazama njia yenyewe inadai nini katika chombo, na hilo hulitimiza kwa ukamilifu. Kinachobaki huenda kwenye tandiko, kama kinabaki. Kijana wetu alikuwa ameanza na tandiko.

Mpango huu si mgeni kwetu sisi Waislamu. Wanavyuoni walipoufasiri uwezo unaomwajibishia mtu Hija, waliutaja kwa vitu viwili: masurufu na kipando. Na mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika nchi zetu, walishurutisha kwamba vyote viwili viwe ni ziada juu ya deni lake na juu ya nafaka ya wale anaowalisha, kwa muda wa kwenda na kurudi kwake. Kisha wakasema jambo ambalo linafaa kuzingatiwa na kila mwenye kupenda vyombo: aliye karibu na Makka, umbali usiofika marhala mbili, naye ana nguvu za kutembea, hashurutishiwi kipando. Kipando, basi, chaweza kuanguka katika hesabu kwa ukaribu wa njia na nguvu ya miguu. Nafaka ya aliowaacha nyumbani haianguki. Hatusemi kwamba matembezi ya Ufipa ni sawa na Hija, hasha. Twautazama utaratibu tu, kwamba walianza na njia na watu, na chombo wakakipima kwa hayo.

Huenda msomaji akadhani kuwa udhia huu ni wa nchi maskini. La. Katika nchi za theluji, ambako jamaa zetu wengi wamehamia, uko mchezo wa kuteleza kutoka mlimani kwa ubao uliofungwa miguuni. Brolin Mawejje, mzaliwa wa Uganda aliyekulia Marekani, alikuwa stadi wa mchezo huo, akajaribu kuipatia Uganda nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2018 huko Korea Kusini. Wachezaji wa mchezo huu wana mzozo ule ule wa kijana wetu. Ubao, viatu vyake, vishikizo, miwani, kofia ngumu na nguo za theluji hununuliwa dukani, na kila mwaka hutoka vya rangi mpya. Lakini mlima nao una bei yake: mchezaji hulipia tiketi ya siku ili apandishwe juu kwa viti vinavyovutwa na waya, na hulipia petroli au ndege ya kumfikisha, na mahali pa kulala. Wako wenye ubao wa fahari wanaopanda siku 3 tu kwa mwaka. Wako wenye ubao mkuukuu wanaopanda siku 30. Na wako wenye busara wanaokodi vyote mlimani mpaka wajue kama mchezo utawakaa. Hata hivyo wapo wasemao kwamba viatu visivyokaa vizuri mguuni huiharibu siku nzima iliyolipiwa, na hawa nao wana haki. Viatu kwao ni kama breki kwa mzee wetu.

Tulirudi Sumbawanga, na usiku, chai ya tangawizi ikiwa mbele yetu, tulichukua karatasi tukafanya hesabu ya mfano. Bei tulizozitia ni za kukadiria, mwenye kupenda azibadilishe. Tuseme wako vijana wawili, kila mmoja hujiwekea shilingi 600,000 kwa mwaka, na kila safari hugharimu 150,000. Wa kwanza anunua baiskeli mpya kwa 450,000, na kuanzia mwaka wa pili huitunza kwa 60,000 kila mwaka. Wa pili ana baiskeli kuukuu ya baba yake, naye huitengeneza kwa 120,000 kila mwaka.

Mwaka wa kwanza, mwenye baiskeli mpya husafiri mara 1, na mwenye kuukuu mara 3. Hapo tulidhani jambo limekwisha. Kijana wetu, ambaye hesabu anaijua kuliko sisi, alisema, "Endeleeni, wazee wangu." Tukaendelea, tukiichukua kila mwaka ile chenji iliyobaki. Mwisho wa mwaka wa 3, wa kwanza amekwenda safari 8 na wa pili 9. Mwisho wa mwaka wa 6 wamelingana, kila mmoja safari 19. Baada ya hapo, kama baiskeli ile mpya bado ni nzima, yeye ndiye atakayetangulia.

Kijana alifurahi, na alistahiki kufurahi, kwa maana hesabu haikumlaumu mwenye kununua kitu kizuri akakitumia miaka mingi. Iliyemlaumu ni yule anayenunua kipya kabla ya mwaka wa 6, kisha akaanza upya, na ndiyo desturi ya siku hizi. Lakini mmoja wetu aliuliza swali jingine: miaka 6 ni mingapi katika ujana? Aliyeanza akiwa na miaka 18 sasa ana 24, pengine ana mke na mtoto, pengine ana kazi isiyompa ruhusa, na wazee wake ambao angelifuatana nao hawako tena. Safari ya mwaka wa kwanza na safari ya mwaka wa 6 huandikwa kwa tarakimu moja kwenye karatasi, nazo si kitu kimoja.

Katika nyumba jambo hili huwa na uzito zaidi. Bibi mmoja wa Sumbawanga, ambaye mumewe alitukaribisha kwao chakula, alitusikia tukizungumza, akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Waulizeni na hawa wangu. Hema la shemeji yenu liko juu ya kabati mwaka wa tatu, na watoto wa nyumba hii hawajapata kuyaona maporomoko ya Kalambo." Mumewe alicheka, lakini alicheka peke yake.

Ndipo tulipotaja habari ya kuazimana. Hema moja hutumika siku chache kwa mwaka. Kwa nini kila nyumba iwe na lake? Sura ya Al-Maun yawakemea wanaozuia vyombo vya kusaidiana, na wafasiri wengi walitaja hapo vitu vya nyumbani kama chungu, ndoo na shoka. Sisi hatuoni kwa nini hema, taa na pampu ya baiskeli visiingie. Vijana wa msikiti mmoja wakiwa na hema mbili, masufuria ya safari na sanduku la spana na solusheni ya kubandikia viraka, kisha vikawa chini ya mtu mwaminifu mwenye daftari, fedha nyingi ya vyombo hugeuka nauli. Yule bwana alisema kuwa atalipeleka la kwake. Mkewe alisema, "Baada ya Kalambo." Tukaona kuwa amesema haki.

Wafipa wenyewe wana kumbukumbu nzito ya chombo na gharama ya kukitumia. Katika nyanda hizi bado yako mabaki ya matanuru ya chuma, waliyoyaita malungu, yaliyojengwa kwa udongo kama minara, marefu kuliko mtu, mengine yakikaribia mita 3. Hayakuvukutwa, upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, na chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto kabla ya kufuliwa majembe. Tanuru likijengwa lilidumu na kutengenezwa, lakini kila kuwashwa kwake kulidai makaa mengi, mawe ya chuma, na watu wengi wa kazi. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa wingi, watu hawakuona faida ya kuyachoma makaa yale tena. Minara ikabaki. Tuliusimamia mmoja, nyasi zimeota mdomoni mwake. Chombo kizima, au karibu na kizima, kisicho na kazi kwa muda mrefu.

Kalambo tulikwenda kupitia Matai mpaka kijiji cha Kapozwa. Kijana wetu alikuja pamoja nasi, kwani tulichanga nauli yake kwa sharti kwamba atupigie hesabu zote zilizobaki za safari, na alizipiga kwa uaminifu. Mto Kalambo, uliopo mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka mara moja zaidi ya mita 200, nao ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa ya Afrika. Maji huanza yakiwa mto, katikati huwa moshi, na chini sauti tu ndiyo hukwambia kuwa yamefika. Upande wa Tanzania zimejengwa ngazi za kushukia. Miguu yetu ilitetemeka wakati wa kurudi juu, na hapo hapana mwenye viatu vya ghali aliyepona kuliko mwenye viatu vya kawaida vyenye soli nzuri.

Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, wataalamu wamechimba tangu miaka ya 1950, alipoanza Desmond Clark. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Larry Barham, wa Chuo Kikuu cha Liverpool, lilifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, na mwaka 2023 wakatangaza kuwa umri wake si chini ya miaka 476,000. Udongo wenye maji ndio uliouhifadhi mti huo usioze. Kijana wetu aliposikia alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Wao walichonga walipofika." Hatukuwa na la kuongeza.

Kwa wasomaji watakaopenda kuizuru nchi hii, twatoa maelezo machache. Miezi mizuri ni kuanzia Mei hadi Oktoba, kwa kuwa mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia za udongo huteleza. Mabasi ya Mbeya hupatikana kila siku. Chukueni sweta, viatu vyenye soli nzima, kofia ya upepo, na dawa zenu. Anayependa kushuka na baiskeli bonde la Rukwa atazame breki zake kabla ya kutoka mjini, kwa fundi, mchana, wala asikubali kuambiwa kuwa bado zinafaa. Mengine yote huazimwa au hununuliwa sokoni Sumbawanga, na mablanketi yake ni mazuri.